Komeo la Dobi

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, Dobi alitoa mkono nje ya mlango wake akatundika kikombe chekundu kwenye msumari. Mwenyewe hatoki. Unaona mkono tu, ule wenye kovu, unapapasa ukutani mpaka unaupata msumari, unatundika, unarudi ndani, kisha unasikia komeo likirudishwa. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, rangi imebanduka mdomoni, hakikunywewa chai wala maji. Kazi yake ilikuwa kumwambia mama yangu mkubwa kwamba aliyelala chumba cha kona ameamka mzima.

Mama mkubwa naye alikuwa na zamu yake. Akitoka na ndoo, jicho lake la kwanza linakwenda kwenye msumari. Kikombe kipo, anaelekea bombani akiimba puani. Hakipo, anatua ndoo, anachukua ufagio, anafagia mbele ya mlango ule, anafagia palepale mpaka udongo unang'aa, na masikio yote mawili yamo ndani ya chumba cha mwenzie.

Nyumba ilikuwa yake na mumewe. Mumewe ni seremala, kwangu baba mkubwa, kwa watu wengine wote Fundi. Vyumba vimeuzunguka ua, bomba katikati, bafu na choo mwisho kabisa, karakana ya Fundi ubavuni mwa geti. Kila mlango mle ndani ameuranda mwenyewe, na ukimsifia nyumba anakujibu habari za milango. Mimi nilihamia kwao nilipoacha shule. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kufagia maranda ya karakana.

Dobi aliletwa na kaka yake. Kaka mtu ana duka la vipuri, viatu vyake vinang'aa hata akipita kwenye tope, na siku ile alizungumza na Fundi peke yake, kana kwamba mama mkubwa na Dobi ni mizigo iliyotangulia kushushwa. Alisema dada yake ni mtu wa kazi, hana mume, hana mtoto, hana makuu, ila ana kizunguzungu kidogo. Fundi akauliza kidogo kiasi gani. Akajibiwa kidogo tu, akikaa chini kinapita.

Wiki haikwisha, kizunguzungu kikaja kujitambulisha chenyewe. Kilimkuta bombani. Alianguka mzima mzima, kama ubao uliosimamishwa vibaya, ndoo ikabingirika, mwili ukaanza kutikisika na povu likamtoka mdomoni. Watoto walitimua mbio. Msusi, mpangaji wa chumba cha jirani, alimnyakua mwanawe akawa anapiga kelele asiyakanyage maji yale, maana anaamini maradhi ya kuanguka yanapita kwenye maji. Mama mkubwa ndiye aliyepiga magoti. Akamlaza ubavu, akavua kilemba akakiweka chini ya kichwa chake, akangoja.

Dobi alipozinduka hakuuliza yuko wapi. Aliuliza, "Walioniona ni wangapi?"

Mama mkubwa akamjibu, "Ni mimi na huyu mtoto tu," akininyooshea kidole. Ua mzima ulikuwa umesimama nyuma ya nguo za kamba, miguu yao inaonekana.

Fundi aliwaka siku ile. Alisema angeuziwa ng'ombe mgonjwa angemrudisha kwa mwenyewe na kamba yake. "Sasa huyu ni mtu. Mtu unamrudishaje?" Mama mkubwa akamwambia humrudishi, unamzoea.

Kumzoea hakukuwa kazi ndogo. Dobi alikuwa mkali kama pilipili iliyokaa juani. Alifanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, zamani akipiga pasi, mpaka alipoangukia pasi yenyewe ikamwachia kovu la pembe tatu mkononi. Mwenyewe akiulizwa husema pasi ilimpiga muhuri ili asipotee. Baada ya hapo tajiri wake akampa kushona alama, uzi mwekundu kwenye ukosi wa kila nguo ili isichanganyike na ya mwingine, na akamkataza kusogelea moto. Lakini udobi haukumtoka. Akipita kwenye kamba ya uani akaona nguo ambayo haijatakata, anaianua, anaidumbukiza kwenye beseni la mwenyewe. Shati la dereva wa lori, mpangaji mwenzie, alilianua sijui mara ngapi. Dereva akija juu, Dobi anamnyooshea ukosi puani.

"Hili hujalifua, dereva. Umelionyesha maji."

Watu wanacheka, dereva anabaki na shati lake linalochuruzika. Kesho yake ni ugomvi mwingine, kamtuhumu msusi kuiba sabuni, kamwaga maji mlangoni kwa watu, kazima redio ya mtu kwa kuchomoa waya. Vidonge vyake alivimeza siku anayotaka. Ukimkumbusha anauliza kama umekuwa mke wa daktari. Sahani ya chakula ukimpelekea anaipokea, anairudisha imeoshwa mpaka unajiona ndani yake, na kesho ukimpelekea tena anakuuliza nani alikwambia ana njaa. Msusi ndiye aliyechoka kuliko wote. Alimfuata mama mkubwa akamuuliza, "Hivi mama, hapa tumepanga vyumba au tumepanga hospitali?" Dobi akamsikia dirishani. Akamwambia asuke vichwa vya watu, chake akiache kilivyofumuka.

Lakini kiini cha matatizo yote kilikuwa mlango. Dobi alikuwa anajifungia kwa komeo la ndani, mchana na usiku, hata akiingia kuchukua kitambaa tu. Kwanza anasukuma ulimi wa komeo, kisha anaujaribu mlango kwa bega, ndipo unasikia anakaa kitandani. Fundi alimweleza kwa upole kwamba mtu wa maradhi yake hajifungii, akianguka nani atamfikia? Akampa rai ya komeo la aina yake, lenye mwanya mdogo ubaoni, ambapo mtu wa nje akipitisha kisu anaufungua.

"Komeo linalofunguka nje si komeo, shemeji," Dobi alisema. "Hilo ni pambo."

Fundi alikuwa anamwita shemeji kwa sababu mkewe, mama mkubwa, alikuwa anamwita dada. Na ni kwa huyo dada siku moja alieleza. Walikuwa wamekaa barazani mwake, mama mkubwa anachambua mchele, mimi nimeshika ungo. Dobi alikuwa anashona kifungo, hakuinua macho.

"Kwa kaka mlango walinitolea, wakaweka pazia. Walisema ni kwa usalama wangu. Nikianguka, watoto wanafunua pazia wanaitana. Siku moja nimezinduka, gauni liko kifuani, nimejilowesha, na mgeni wa kaka amesimama pale na glasi ya juisi." Akakata uzi kwa meno. "Alikuwa anakunywa, dada. Na aliendelea kunywa."

Mama mkubwa aliacha kuchambua.  Baadaye akamwambia, mlango wako ni wako, ndani ya nyumba yangu hakuna mtu atakayekutolea komeo, na kama nasema uongo nyumba hii initoke. Dobi akajibu haya, akaendelea na kifungo kana kwamba ameahidiwa limau.

Ndipo yakawekwa masharti. Chumbani hawashi moto, atakula kwetu, apende asipende. Kila asubuhi atatundika kikombe. Komeo linabaki. Fundi aliupigilia ule msumari mwenyewe, akanung'unika kwamba kikombe hakimwinui aliyeanguka, lakini akaupigilia.

Muda mrefu kikombe kilifanya kazi. Dobi alianguka mara kadhaa, kazini, njiani, mara moja bafuni, na tangu ile ya bafuni akawa anaogea chumbani kwake kwenye beseni, komeo limefungwa. Asubuhi mkono ulitoka. Mama mkubwa aliimba puani.

Kisha ikaja asubuhi ambayo msumari ulikuwa mtupu. Mama mkubwa alifagia. Akafagia tena. Akaita, Dobi, mdogo wangu, umeamkaje? Akagonga kwa kidole, akagonga kwa kiganja. Aliponigeukia sikungoja aseme, nilikimbilia karakana.

Fundi alikuja na mtaimbo. Mlango wake mwenyewe, wa mbao ngumu, fremu aliyoipima kwa siku nzima, na sasa anautafutia mahali pa kuuvunja. Ulilia vibaya ulipoachia. Dobi alikuwa amekwama baina ya kitanda na ukuta, uso umezama kwenye mto, anavuta pumzi kama mtu anayevuta gunia. Fundi alimgeuza. Shavu lilikuwa la bluu, mto una damu kwa sababu alijiuma ulimi. Angechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Nyuma yetu mlangoni walishajaa. Msusi, dereva na taulo shingoni, watoto wa shule wakiwa na mikoba. Mama mkubwa alimfunika Dobi kwa shuka, akawasukuma wote nje, na kwa kuwa mlango umelala chini akasimama yeye mahali pa mlango, mikono ameitanua, mpaka mwenzie alipopata fahamu. Lakini waliokwisha kuona walikwisha kuona. Dobi alipozinduka aliwatazama juu ya bega la mama mkubwa, mmoja mmoja. Safari hii hakuuliza ni wangapi.

Hakumshukuru Fundi. Alimwambia anataka mlango wake uwe umesimama kabla jua halijatua, na komeo lake.

Kaka mtu alikuja siku hiyohiyo, Fundi alimtumia ujumbe. Alisimama katikati ya ua na viatu vyake, akasema mbele ya watu wote kwamba komeo litoke, la sivyo huyu anaondoka naye, kuna stoo nyuma ya nyumba yake, wifi yake atakuwa anamwangalia. Kama huyu akikutwa amekufa humo ndani, hatauliza mtu mwingine, atamuuliza mwenye nyumba.

"Huyu ana masikio, kaka," Dobi alisema. Alikuwa amekaa juu ya mlango uliolala, kama mtu aliyekalia jeneza lisilokuwa na mtu. "Stoo yako ina mlango?"

 Kaka alimshika Fundi mkono wakaingia karakana.

Nilikuwa ndani nafagia. Watu wakishazoea kwamba unafagia, wanazungumza. Kaka aliuliza mara mbili kama Fundi yuko tayari kubeba maiti ya mtu. Fundi alisema hapana. Kisha kaka akamuuliza kama yuko tayari kumwona anarudi kwenye pazia. Fundi alikuwa ameambiwa na mkewe habari za pazia, lakini hakujua kama kaka analijua hilo, akababaika, akasema hapana tena. Halafu akakaa juu ya kigogo, akashika kichwa. Hatimaye akasema, "Niachie mimi. Atakuwa na komeo, na mimi nitakuwa na mlango."

Kaka alipoondoka, Fundi alichukua skrubu mpya, ndefu, akazibana kwenye jiliwa, kile kibanio chake cha mezani, akazikata kwa msumeno wa chuma moja baada ya nyingine. Zikabaki vichwa na mkia mfupi kama wa mbuzi. Ncha zilidondoka kwenye maranda. Zile fupi alizifungia kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa komeo, akazishikiza kwa gundi kidogo na vumbi la mbao. Ukitazama, komeo ni lilelile. Ukisukuma ulimi, linalia vilevile. Ukijaribu mlango kutoka ndani kwa bega, unaegemea fremu yenyewe, haung'oki. Lakini mtu wa nje akiuegemea kwa uzito, kibati kinaachia kama jino bovu.

Mama mkubwa alisikia msumeno. Alikuja mpaka kizingiti cha karakana, akauliza chuma cha nini kwenye kazi ya mlango. Fundi alianza kumweleza. Mama mkubwa akainua mkono.

"Usinieleze, baba. Nikijua nitamwambia."

Lakini macho yake yalikuwa juu ya jiliwa, na skrubu ilikuwa bado imebanwa pale, nusu imekatwa.

Jioni mlango ulisimama. Dobi aliingia, akasukuma komeo, akajaribu kwa bega. Tulisikia kitanda kikimpokea. Kaka aliambiwa mlango sasa unafunguka kwa bega, akaridhika. Dobi aliambiwa kaka amekubali, akaridhika. Fundi alikula vizuri usiku ule, akasema, unaona, mambo ni kuyafanyia hesabu tu. Mama mkubwa hakumaliza chakula chake.

Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi Dobi alivyokuwa mwema baada ya hapo. Sijui kama ni kwa sababu alimwona kaka yake ameshindwa mara moja maishani. Vidonge alimeza bila kuambiwa. Sahani alipokea bila kuuliza nani ana njaa. Shati jeupe la Fundi, lile la kuvaa akienda kwa wateja wakubwa, alilichukua kwenye kamba, na safari hii hakulitupa kwenye beseni la mwenyewe. Alilifua yeye, akalirudisha limekunjwa, jeupe mpaka linaumiza macho. Ndani ya ukosi alikuwa ameshona uzi mwekundu.

"Ili usipotee, shemeji," alisema.

Fundi alilishika lile shati muda mrefu. Hakulivaa. Mama mkubwa alipomuuliza kwa nini halivai, alisema analitunza. Siku nyingine nilimwona amesimama mbele ya mlango wa kona na bisibisi mkononi, Dobi yuko kazini, na skrubu ndefu ziko mfukoni zinagongana. Akasimama. Akarudi karakana. Nadhani kila akitaka kuzibadilisha alikuwa anauona ule mto wenye damu, na kila akitaka kuziacha alikuwa analiona shati. Mto ulikuwa unashinda.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Dukani kwa Dobi umeme ulikatika, wakaruhusiwa mapema. Alirudi, akachota maji, akaingia, komeo likalia. Msusi alikuwa barazani anasuka. Kawaida yake husukia mbele ya chumba chake, lakini saa zile jua linapiga pale, kivuli kiko upande wa Dobi, basi akahamishia kigoda mbele ya mlango wa Dobi. Mteja wake alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno, anauza nguo za mitumba, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Alikuwa anasimulia habari za mkwe wake mvivu. Watu wamekusanyika, dereva yupo, wanafunzi wamesharudi. Akafika mahali pa kuchekesha, akacheka mwenyewe kwanza, akajitupa nyuma kuegemea mlango.

Mlango ukaachia.

Alikwenda chini na kigoda chake, miguu juu, kichana kimesimama kwenye nywele, mpaka katikati ya chumba. Ua mzima ukaangua kicheko. Hata mimi. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kumcheka mwuza mitumba na maringo yake, hakuna aliyekuwa anamfikiria mwingine. Halafu wa mbele wakanyamaza, kisha wa nyuma yao, na wa mwisho kabisa, mtoto wa msusi, akabaki anacheka peke yake.

Dobi alikuwa amesimama ndani ya beseni. Hana kitu mwilini isipokuwa povu la sabuni. Hakupiga kelele. Hakujifunika hata. Alikuwa anatazama mlango, si watu, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoijua.

Mama mkubwa alifika mbio, akamrushia shuka, akawafukuza watu kwa ufagio, akampiga dereva mgongoni kwelikweli. Mwuza mitumba alitambaa nje anaomba radhi na nusu kichwa chake. Msusi, yule aliyekuwa anaogopa maji yake, alikuwa analia. Aliniambia baadaye kwamba asingeweka kigoda pale kama si kwamba mlango ule alijua hauna mchezo, kila siku anasikia unavyofungwa.

Tulingoja matusi. Tulijua namna yake, na siku ile ua mzima ulistahili. Badala yake tukasikia maji yanamwagwa taratibu, sanduku linafunguliwa, linafungwa. Akatoka amevaa gauni lake la kazini, vifungo vyote mpaka shingoni, nywele zimefungwa. Kiganjani ana kibati na skrubu.

Fundi alikuwa karakana, anaranda ubao. Alikuwa amesikia kila kitu na hakutoka. Dobi alipanga zile skrubu juu ya meza yake ya kazi, moja pembeni ya nyingine, zimelala kwenye maranda.

"Baba mwenye nyumba," alisema. Nilimwona mama mkubwa akishtuka kwa neno lile kuliko alivyoshtuka mlango ulipoachia. "Skrubu siku hizi zinauzwa hivi?"

Fundi aliweka randa chini. "Hapana."

"Zimekatwa."

"Nimezikata mimi."

"Lini?"

"Siku niliyousimamisha mlango."

Dobi alifikiri. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama anarudia jioni zote zile, ulimi wa komeo, bega, kitanda. "Kwa hiyo nilikuwa najifungia kwa mlio tu," alisema.

Fundi alisema alichokuwa anakiamini. Alisema angemkuta amekufa, kwamba tayari alishamkuta nusu, kwamba kila usiku alikuwa analala akiuona ule mto. 

"Mngenikuta nimekufa na mlango wangu umefungwa," Dobi alisema. "Hilo mimi nilishalikubali. Wewe ndiye uliyelikataa, ukanikatalia na mimi."

  Dobi akamgeukia mama mkubwa aliyekuwa amesimama kizingitini na ule ufagio.

"Dada, ulijua?"

Mama mkubwa angeweza kusema hapana. Alishamdanganya siku ile ya bombani, kwa neno dogo tu, na Dobi aliishi juu ya neno lile. Nilikuwa namwangalia. Aliangalia zile skrubu, akaangalia ufagio wake.

"Nilijua, mdogo wangu."

"Haya," Dobi alisema. Kwa sauti ileile aliyoipokelea ahadi.

Jioni ile Fundi alifunga skrubu ndefu. Alichukua ndefu kuliko zote alizonazo, akazizamisha mpaka bisibisi ikamteleza akajichubua kidole. Dobi alisimama nje ameupa mlango mgongo, anangoja kama mtu anayengoja mlango wa mwingine. Alipomaliza, Fundi alimwomba ajaribu kwa bega, kutoka nje, kwa nguvu zote. Dobi alimwambia hana haja. Aliingia. Mlango ukafungwa. Tulikaa barazani, mama mkubwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, tunasikiliza komeo. Hatukulisikia.

Asubuhi nilipotoka na ndoo, mkono ulikuwa unatoka. Ulipapasa, ukaupata msumari, ukatundika kikombe. Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu. Alishusha pumzi, akasema, "Ameniwia radhi," akaenda bombani. Aliimba, si puani tena, aliimba kwa sauti.

Dobi alitoka baadaye kidogo na mfuko wake wa kazini, ule wa nyuzi na sindano. Kwenye shingo ya gauni lake niliona shingo ya gauni jingine chini yake. Alimsalimia mama mkubwa vizuri, akamsalimia msusi, msusi akaitika mara mbili. Hakupita karakana. Kwenye kamba kulikuwa na shati la dereva, limefuliwa kwa namna yake, ukosi una mstari mweusi. Dobi alisimama. Alilishika ukosi, akaugeuza, akaupitishia kidole gumba. Nilijua kinachofuata na nilikuwa nishaanza kutabasamu.

Akaliacha palepale. Akakunjua ukosi, akaunyoosha, akaenda zake, na geti akaliegesha tu bila kulifunga.

Hakurudi mchana, hakurudi jioni. Kule dukani hakufika kabisa, na kaka yake alipokuja akakuta kitanda kimetandikwa na sanduku limebaki na nguo chache, alitafuta mtu wa kumfokea, akamkosa, kwa sababu Fundi alikuwa amejifungia karakana. Lakini hayo yote yalikuwa baadaye, giza limeshaingia. Mchana kutwa hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa kila aliyepita pale kona aliona kikombe kipo msumarini.